Minara Ieleayo ya Bahari ya Kaskazini

Mitambo ya upepo iliyozoeleka baharini husimama juu ya nguzo za chuma zilizokitwa chini, na desturi hiyo aghalabu hukoma kina kinapozidi mita 60, kwa kuwa gharama hapo hazihimiliki tena, ilhali upepo ulio bora, usiozuiliwa na mlima wala jengo, huvuma baidi na pwani, kwenye maji marefu. Ndipo kampuni ya mafuta ya Norwe, Statoil, ambayo leo huitwa Equinor, ilipoelesha mnara mmoja wa majaribio karibu na kisiwa cha Karmøy mwaka 2009, na mwaka 2017 ikazindua minara 5, yenye jumla ya megawati 30, mbele ya Peterhead, Uskochi.

Tadbiri yenyewe ni kongwe. Kila mnara wa Peterhead umekalia pipa refu la chuma lililozama mita 78 hivi, na ndani yake mmetiwa farumi ya madini mazito, kama manahodha wetu walivyotia mawe katika jahazi tupu, hata ukipigwa na wimbi huinama kidogo na kurudi, huku minyororo 3 ikiuzuia usichukuliwe na mkondo.

Kuelea, basi, si kazi. Kazi ni mapanga. Upepo ukizidi kiasi, kompyuta huyageuza mapanga ili yaachilie sehemu ya nguvu. Lakini mnara ueleao uinamapo kuukabili upepo, mapanga huongeza mwendo, kompyuta hudhani upepo umezidi, nayo huyageuza. Ule msukumo uliokuwa ukiuzuia mnara hupungua, nao huzidi kuinama mbele. Na ukirudi nyuma hutokea kinyume chake, hata bembea ikakua badala ya kutulia. Wahandisi iliwabidi waifundishe kompyuta kuutambua mwendo wa mnara na kuutuliza. Kwangu mimi hiyo ndiyo fahari ya kazi nzima, ijapokuwa haionekani pichani.

Matengenezo nayo ni mtihani. Winchi za kusimama juu ya miguu hazifiki kina kile, kwa hiyo mwaka 2024 minara yote 5 ya Peterhead ilifunguliwa minyororo ikakokotwa hadi Norwe kutengenezwa.

Shamba jingine la kampuni hiyo, kubwa kuliko la Peterhead, ni Hywind Tampen, minara 11 ya megawati 88, mahali penye kina cha mita 260 hadi 300. Umeme wake hauendi majumbani, bali kwenye majukwaa ya mafuta na gesi ya Snorre na Gullfaks, ili yapunguze gesi yanayoichoma kujiendesha. Wako waionao hiyo kuwa dhihaka. Mimi siwalaumu, ila natambua kwamba umeme wa namna hii ungali ghali, hata huko ulihitaji ruzuku ya serikali.