Busia: Ushuru umelipa, lakini barabara ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu, Busia

GUNIA la dagaa linalotoka Busia ya Kenya kwenda soko la Sofia, Busia ya Uganda, husafiri mwendo mfupi sana. Wengine huliweka kwenye bodaboda, wengine kwenye mkokoteni, na wapo wanaolipakia kwenye zile baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu ambazo mpaka huu umezizoea kwa miaka mingi. Njiani jina la samaki hubadilika, omena huyu akawa mukene, na serikali inayodai pesa nayo hubadilika.

Forodha ndiyo sehemu nyepesi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi mwaka 2018, mzigo hukaguliwa mara moja, upande unaoingia. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyomo kwenye orodha ya pamoja na isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa kuingiza, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kudaiwa. Wengi wakishafika hapo hudhani wamemaliza. Kumbe bado kuna ushuru wa soko, ada ya kupakua, maegesho na leseni. Hizo ni za mji. Afisa wa forodha hana uwezo wa kuzifuta, na kumlalamikia ni kupoteza muda.

Kila upande una utaratibu wake. Kenya, mabaraza ya miji ya zamani yalikufa na uchaguzi wa Machi 2013. Leo viwango vya ada hutoka katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti, na manispaa huendeshwa na bodi chini ya sheria ya miji na majiji ya mwaka 2011. Kanjo anayekusimamisha lazima awe na kifungu cha sheria hiyo nyuma yake. Tena Katiba ya 2010, Ibara ya 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna inayoathiri biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafiri wa bidhaa nchini. Kizuizi cha kamba barabarani kinachomtoza mtu anayepita tu, bila kuuza wala kupakua, kinastahili kuulizwa maswali magumu mbele ya ibara hiyo.

Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaipa wilaya mamlaka ya kutunga sheria zake, na mabaraza yaliyo chini yake, likiwamo la manispaa, kutunga sheria ndogo zisizopingana na zile za juu. Mapato ya manispaa hukusanywa kwenye divisheni. Divisheni hubaki na asilimia 50 na nyingine 50 hupanda manispaa. Ukilipa shilingi 1,000 sokoni, 500 hazivuki ofisi ya divisheni. Kwa hiyo choo cha soko kikiziba, usianzie kwa meya.

Sasa barabara, na hapa ndipo mfanyabiashara huchanganyikiwa zaidi. Anaona shimo, anakumbuka risiti aliyokatiwa asubuhi, anaunganisha viwili hivyo. Ni hasira ya haki, ila mara nyingi inamwangukia mtu asiyehusika. Kenya, barabara kuu inayofika mpakani ni ya KeNHA, taasisi ya serikali ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya 2007, wakati barabara za kaunti ni za kaunti. Uganda, barabara za kitaifa zilikuwa za UNRA hadi ilipovunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi kurudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Vichochoro vya mjini ni vya manispaa. Tanzania nako, kwa wenzetu wa Namanga na Tunduma, halmashauri hukusanya ushuru lakini barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017.

Pesa ya kuziba mashimo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta. Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwaka 2024, na mwaka huohuo magavana na Bunge la Taifa wakaanza kuvutana juu ya Sh10.5 bilioni za tozo hiyo. Wakati wakubwa wanagombana, mtaa wa nyuma ya soko unangoja greda. Ushuru wako wa soko, kwa upande wa Kenya, huingia mfuko mmoja wa mapato ya kaunti. Hakuna anayeuwekea alama kuwa ni wa barabara.

Kinachoiua barabara ya mji wa mpakani ni maji na lori. Mtaro ukiziba kwa mifuko ya plastiki na maganda, maji hulala juu ya lami, huingia kwenye ufa, na tabaka la chini hulainika. Tukubali kwamba baadhi ya mitaro hiyo tumeifunika sisi wenyewe kwa mbao za vibanda. Lori nalo, kanuni wanayoitumia wahandisi inasema ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara yake hukaribia mara 16. Jumuiya imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na mizani iko barabara kuu. Lori likikwepa foleni na kuingia mtaa wa makazi kutafuta pa kulala, hakuna mizani huko. Kupanga maegesho ya malori ni kazi ya mji, na amri moja ya maegesho inayosimamiwa vizuri yaweza kuokoa lami kuliko kifusi cha msimu mzima.

Basi ukidaiwa, dai risiti iangalie: imetaja mamlaka gani, ada ya nini, tarehe gani? Ada isiyo na risiti, au inayotozwa mzigo kwa kuwa tu umetoka ng'ambo, ipeleke kwenye dawati la habari za biashara hapo mpakani. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha imeweka kamati ya kitaifa ya kufuatilia malalamiko ya namna hiyo kila nchi.

Kuhusu viwango vyenyewe, kuna majira yake. Kenya, Bunge la Kaunti linatakiwa kupitisha Sheria ya Fedha ndani ya siku 90 baada ya ile ya matumizi, na wananchi lazima wasikilizwe kabla ya hapo. Kwa kawaida ni kati ya Julai na Septemba. Uganda, mikutano ya bajeti ya serikali za mitaa hufanyika zaidi Oktoba na Novemba. Vikundi vya wauza samaki na nafaka vyaweza kumteua mmoja aende na risiti za mwezi mzima mkononi.