MWENDO WAKO NA SAHANI YAKO



Kliniki ya kisukari nasikia mara nyingi: "Nesi, mimi natembea sana, mbona uzito haushuki?" Mama mmoja mwenye duka, miaka 45, kilo 70, aliniambia hivyo. Nikamwomba anieleze siku yake tangu kuamka hadi kulala. Anatembea dakika 15 kwenda dukani na 15 kurudi. Saa nyingine zote anakaa kitini. Zamani alikuwa mkulima. Jembe ameliacha, lakini mlima wa ugali ni ule ule.

Kalori ni kipimo cha nguvu tunayoipata katika chakula. Mwili wa mama huyu, hata akilala kutwa, hutumia kalori 1,400 hivi. Hesabu hiyo huzidishwa kufuatana na kazi ya siku nzima:

1. Kazi nyepesi: anayekaa sehemu kubwa ya siku na kutembea kidogo. Zidisha kwa 1.5, yaani kalori 2,100.

2. Kazi ya kati: anayefanya kazi za shamba na kufuata maji na kuni mbali; au mwenye kazi ya kukaa, lakini kila siku afanya mazoezi ya kutoa jasho saa nzima. Zidisha kwa 1.8: karibu 2,500.

3. Kazi nzito: anayelima kwa jembe la mkono kutwa, au anayepanda milima na mzigo mzito kichwani. Zidisha kwa 2.2: karibu 3,100.

Mama yetu yumo kundi la kwanza. Nusu saa yake hutumia kalori 80 hivi zaidi ya kukaa; chapati moja ya mafuta hupita 200. Akijihesabu kundi la pili, kila siku anaweza kula kalori 400 za ziada, nazo hugeuka mafuta mwilini.

Liko kosa jingine. Mama anayelima na kuchota maji mbali huambiwa "yupo nyumbani tu", akaachiwa makombo. Huyo hudhoofika, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha. Akina baba, mama huyo apate chakula cha kutosha.

Usiache kutembea, mwendo husaidia sukari na shinikizo la damu. Ila hesabu siku nzima, si safari moja. Haya ni makisio, kwa hiyo pima uzito kila mwezi: mizani itakuambia kama umekosea kundi. Mwenye kutumia dawa za kisukari asipunguze chakula kabla ya kuonana na mganga wake.