Mbudya Wakati wa Masika

Ukisema unakwenda Mbudya mwezi wa Aprili, watu wa Dar es Salaam watakuuliza kama huna kazi. Kwao Mbudya ni ya Jumapili za kaskazi: boti zimejaa, muziki juu, chipsi na samaki wa kukaanga kila banda. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tegeta, na likizo yangu fupi huangukia masika. Basi Mbudya niliyoizoea ni ya mvua.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, jiwe la matumbawe lililoota mibuyu na vichaka, kilomita chache tu kutoka Kunduchi. Hakina kijiji wala kisima. Tangu 1975 ni eneo tengefu la bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kuvua hapo ni marufuku, na mgeni hulipa kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti.

Masika hubadilisha mambo mawili. La kwanza ni maji. Mito hushusha tope la mjini, na bahari ya karibu na pwani hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Miwani ya kuzamia iache nyumbani. La pili ni upepo. Kaskazi ikishakufa, kusi huanza kuvuma kutoka kusini-mashariki. Upande wa nje wa Mbudya mawimbi hupasuka juu ya miamba, lakini ufuko wa mchanga unatazama bara, kisiwa chenyewe kikiukinga. Kwa hiyo ukishafika, umetulia. Kazi ni kuvuka.

Ndiyo maana safari ya masika huanzia kwa nahodha. Mmoja ninayevuka naye hutazama mawingu ya kusini kabla hata hajaitikia salamu. "Mwalimu, twende sasa hivi," huniambia, "na saa saba tuwe tumesharudi." Hapo sibishani. Pwani hii ina kumbukumbu zake: Aprili 1872 kimbunga kilichoipiga Zanzibar kilibomoa pia majengo ya misheni ya Bagamoyo, na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia, hata boti kubwa za Zanzibar zilisitisha safari. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa kabla ya kufunga kikapu.

Malipo ya tabu hiyo ni kisiwa kitupu. Mabanda ya makuti hayana mtu. Maji yakipwa, kaa wadogo hutoka mashimoni na kuutawala mchanga ambao Desemba usingekuta pa kutandika kanga. Mvua ikinyesha nakaa bandani na chupa yangu ya chai. Ikikatika natembea ufukoni, nikisikia kusi ikipiga upande wa pili.

Mkitaka kujaribu, nendeni kikundi, maana boti isiyo na abiria wengine mtailipia nzima. Bebeni maji na chakula, kwa sababu wapishi huenda hawakuvuka siku hiyo. Vaeni majaketi ya kuokolea maisha tangu ufukoni, si mkishafika mkondoni. Fedha yenu itamfaa nahodha katika miezi hii ya wateja wachache. Lakini akisema leo hapana, msimpandishie bei. Rudini nyumbani, mje siku nyingine.