Uhuru na Fedha za Utafiti wa Tiba

Uganda ilipopata uhuru Oktoba 1962, mjini Entebbe palikuwapo taasisi ya utafiti yenye sifa duniani. Ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation ya Marekani, ili kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1947 wataalamu wake walikigundua kirusi cha Zika. Mwaka 1959 walichunguza o'nyong-nyong, homa yenye maumivu makali ya viungo, iliyoanzia Uganda ikavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika.

Je, mkoloni alipoondoka, nani alizibeba gharama? Uhuru wenyewe haukuifunga taasisi hiyo. Tangu mwaka 1950 ilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima, na nchi huru ziliendelea kuitunza kwa pamoja. Virusi vilichunguzwa Entebbe, malale Tororo, malaria Amani. Kila nchi ilifaidi kazi ya taasisi zote bila kulazimika kuzijenga zote.

Pigo lilikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kila nchi ilibaki na kilichokuwa katika ardhi yake. Entebbe ikaachiwa Uganda peke yake, wakati uchumi wa nchi hiyo ulikuwa umedhoofika chini ya utawala wa Idi Amin. Kenya na Tanzania nazo ziliunda taasisi zao za taifa mwaka 1979.

Pengo hilo likazibwa na wafadhili. Mwaka 1988, kwa ombi la Serikali ya Uganda, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianzisha mpango wa kuchunguza UKIMWI huko Entebbe. Msaada huo umezaa maarifa makubwa. Hata hivyo, mwenye fedha ndiye mwenye kauli juu ya maradhi yatakayochunguzwa, na akibadili nia, kazi husimama.

Jumuiya mpya, iliyoanza mwaka 2000, imeunda Kamisheni ya Utafiti wa Afya yenye makao Bujumbura. Hiyo ni hatua ya busara, ila chombo bila fungu la fedha ni bunduki bila risasi.

Askari alindaye mpaka hulala penye mbu na mbung'o, naye anajua kwamba adui huyo haombi pasi. Taifa halingojei risasi za kuazima ili lijilinde. Vivyo hivyo, halina budi kutenga fedha zake lenyewe, na kushirikiana na jirani, ili limjue adui wa afya yake kabla hajashambulia.