Gesi inapochukua nafasi ya mafiga: Yafaayo kujulikana kabla ya kuifunga jikoni

UKISIMAMA Gonja Maore saa za jioni na kutazama juu milimani, utaona moshi ukipenya mapaa ya jiko moja baada ya jingine. Ni saa ya kuinjika chungu. Kwa miaka mingi moshi huo umekuwa dalili njema: nyumba yenye moshi ni nyumba yenye chakula.

Siku hizi, hata hivyo, katika baadhi ya majiko hayo kuna mgeni. Ni mtungi wa gesi, mara nyingi ule mdogo wa kilo 6, umekaa pembeni mwa mafiga. Umefika kwa pikipiki kutoka barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, au umetumwa na mtoto anayefanya kazi mjini.

Mwandishi wa makala haya alimkuta mgeni huyo jikoni kwa shangazi yake. Mtungi ulikuwa umewekwa hatua moja tu kutoka kwenye mafiga, ndani ya kibonde kilekile kilichochimbwa na majivu ya miaka mingi. Chungu cha makande kilikuwa kinachemka kwa kuni upande huu, na birika la chai likichemka kwa gesi upande ule. Aliyeuuza alimwambia jambo moja tu: "Mama, ukimaliza funga." Shangazi alikuwa hajui kwamba maisha yake yalitegemea mambo mengine kadhaa ambayo hakuambiwa.

Suala hili si dogo. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao umekuwa ukisambaza wilayani mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Maana yake ni kwamba mitungi itaendelea kupanda milima ya Upare. Je, majiko yetu yako tayari kuipokea?

Sababu za kuhama zipo

Kwanza ni afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wengi wa walioumia wakiwa ni akina mama na watoto wanaoshinda karibu na moto.

Pili ni maji. Mpunga wa skimu ya Ndungu hutegemea maji ya mto Yongoma, na mito yetu huanzia kwenye misitu ya milimani, ukiwamo wa Shengena. Kila mti unaokatwa juu bila kupandwa mwingine ni deni atakalolilipa mkulima wa mpunga na wa tangawizi.

Tatu ni hesabu. Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo 10 hadi 12 za kuni kavu kwenye mafiga matatu, au karibu kilo nne za mkaa. Hivyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na kuni kilo 60 hadi 72, yaani takriban mizigo mitatu ya kichwani, au mkaa wa kilo 24. Chukua bei ya kuni na mkaa pale ulipo, ongeza nauli ya pikipiki kwenye bei ya gesi, kisha linganisha. Anayenunua mkaa wa rejareja mara nyingi ataona gesi haiko mbali. Anayeokota kuni za bure atalipia gesi kwa fedha taslimu, lakini asisahau kuthamini saa za mama njiani.

Tabia ya gesi

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni, iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika. Ikitoka kwenye mtungi hupanuka zaidi ya mara 200. Yenyewe haina harufu. Ile harufu kali huongezwa kiwandani ili kutuonya.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda, gesi hushuka. Jiko la asili lina upenyo juu, kwenye paa, kwa sababu lilijengwa kwa ajili ya moshi. Upenyo huo hauisaidii gesi iliyovuja. Yenyewe hutambaa sakafuni, hujaa kwenye mabonde, na hungoja cheche. Ndiyo maana kibonde cha mafiga, kinachoonekana kuwa mahali pa asili pa kuweka jiko jipya, ndicho mahali pabaya kuliko pote.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Usalama wa gesi nao una mafiga matatu: mahali, vifaa, na mtumiaji.

Figa la kwanza: mahali

Kabla ya kuleta mtungi, fukia kibonde na usawazishe sakafu. Toboa matundu ya hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, yanayotoka nje. Tundu moja liwe upande wa pili wa chumba ili hewa ipite. Yawekee wavu kuzuia panya na nyoka. Upenyo wa juu uachwe kama ulivyo.

Usiwashe moto wa kuni na kuweka gesi katika chumba kimoja. Kama bado unahitaji mafiga, yahamishie kwenye banda la nje. Koroboi na mishumaa navyo visikae chini karibu na mtungi.

Mtungi husimama wima siku zote. Ukilala, gesi ya maji inaweza kutoka badala ya mvuke, na moto ukawa mkubwa ghafla. Hii inawahusu pia vijana wa bodaboda: mtungi ufungwe ukiwa umesimama, usilazwe kama gunia.

Kwa mtungi wa kilo 15, mahali bora ni nje ya ukuta, kivulini, kwenye kizimba chenye matundu na kufuli. Mpira upite ukutani ndani ya kipande cha bomba ili usichubuliwe na tofali. Usiuweke chumba cha kulala, wala stoo yenye mafuta ya taa.

Figa la pili: vifaa

Mtungi wa kilo 6 kwa kawaida hufungiwa jiko dogo juu yake. Kabla ya kulifunga, angalia ule mpira mdogo wa duara (washa) kwenye mdomo wa mtungi. Ukiwa umekatika au umekauka, usifunge. Tumia sufuria ndogo au za wastani. Chungu kikubwa cha makande juu ya mtungi mdogo ni rahisi kupinduka mtoto akigusa.

Kwa mtungi wa kilo 15 unahitaji regulata inayolingana na mdomo wa mtungi, mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, na vibano vya chuma pande zote mbili. Mpira wa kumwagilia maji haufai, wala kufunga kwa waya au kipande cha tyubu. Urefu wa meta moja hadi moja na nusu unatosha. Usipite nyuma ya moto. Ukague kila mwezi, maana panya wanaofuata mahindi hutafuna mpira pia. Ukiwa na ufa badilisha mara moja. Hata ukiwa mzima usizidishe miaka mitano, au tarehe iliyoandikwa juu yake ikiwa ni ya karibu zaidi.

Baada ya kufunga, pima kwa maji ya sabuni. Paka povu kwenye maungio yote, fungua mtungi bila kuwasha jiko, kisha tazama. Mapovu yakivimba, gesi inavuja: funga, kaza au badilisha, pima tena. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Zoezi hili huchukua dakika tano, na lirudiwe kila unapobadili mtungi.

Figa la tatu: mtumiaji

Kama jiko halijiwashi lenyewe, washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukikosea utaratibu, gesi hutangulia na moto hukufuata usoni. Ukimaliza kupika, funga koki ya mtungi, si ya jiko peke yake. Mwali mzuri ni wa bluu. Mwali wa njano unaopaka masizi sufuria ni dalili kwamba jiko ni chafu au hewa haitoshi.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima chochote: si kiberiti, si swichi ya taa ya sola, si simu. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, watoe watu wote nje, na usirudi mpaka harufu iishe kabisa. Moto ukiwaka kwenye mpira na koki inafikika, ifunge kwa mkono uliofunikwa kitambaa kibichi. Haifikiki? Toka. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini tuseme ukweli: gari la zimamoto lina safari ndefu kufika vijiji vya milimani. Zimamoto yetu ya kwanza ni maji ya sabuni. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala unga, kisha apelekwe hospitali.

Baridi ya Juni hadi Agosti

Milimani mafiga hayapiki tu, bali pia hutupasha joto. Ukiyaondoa, watu watatafuta joto kwingine, na hapo ndipo hatari ya pili inapoingia. Jiko la mkaa likiingizwa chumba cha kulala, mlango ukafungwa, hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala wasiamke. Jiko la gesi la kupikia nalo halikutengenezwa kwa kuotea moto. Usiliache likiwaka usiku ili chumba kipate joto.

Wapo wenye nyumba zenye sehemu ya kuotea moto yenye dohani, kama zile za zamani zinazoonekana Lushoto, wanaotamani kuweka gesi badala ya magogo. Inawezekana, kwa masharti. Kifaa kiwe kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, si jiko la kupikia lililochomekwa. Dohani isafishwe, iondolewe viota na masizi, na kama ina kizibo, kizibo hicho kifungwe kikiwa wazi moja kwa moja. Kisha choma majani mabichi kidogo hapo chini: moshi ukirudi chumbani, hewa ya sumu ya gesi nayo itarudi, na kazi isimame hapo. Mtungi ukae nje, na fundi awe amesomea gesi, si fundi bomba wa maji tu.

Makande na mbegu

Kuna gharama mbili zisizoandikwa kwenye mtungi. Ya kwanza ni makande. Jiko moja likiwaka kwa nguvu hula takriban gramu 150 hadi 200 kwa saa. Makande ya saa tatu yanaweza kula nusu kilo. Vyungu 12 vya namna hiyo na mtungi wa kilo 6 umekwisha. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, yakichemka punguza mwali, funika. Au pika makande kwenye jiko banifu la kuni nje, na gesi uiachie chai, uji, ugali na mboga.

Ya pili ni mbegu. Mahindi yaliyotundikwa juu ya mafiga yalikingwa na moshi dhidi ya wadudu. Moshi ukiondoka, dumuzi watakaribia. Kausha nafaka mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 au chini, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Weka gharama ya mifuko hiyo kwenye hesabu ya gesi tangu mwanzo.

Kwa mfanyabiashara

Gonja ina nafasi ya biashara hii, lakini ni biashara ya uaminifu. Uliza EWURA masharti ya leseni kabla ya kuanza. Weka mizani dukani na umpimie mteja: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, ongeza kilo za gesi, jumla ndiyo inayopaswa kusomeka. Usihamishe gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Ni hatari na ni kosa. Usilale chumba kimoja na mitungi. Na kila unayemuuzia kwa mara ya kwanza, mwonyeshe kipimo cha maji ya sabuni.

Kwa mkulima anayepata fedha kwa msimu wa tangawizi au mpunga, bei ya kujaza mtungi huumiza zaidi miezi ya katikati. Tenga fedha za mitungi miwili mitatu wakati wa mavuno, au wekeni kwenye kikundi cha VICOBA. Mtungi mtupu pembeni mwa mafiga hauna faida kwa mtu.

Shangazi alifukia kile kibonde, akatoboa tundu chini ya ukuta, na mafiga yakahamia banda la nje pamoja na chungu cha makande. Kazi ilichukua asubuhi moja, na gharama yake ilikuwa ndoo chache za udongo. Kabla ya kununua mtungi, ndugu msomaji, anza na asubuhi hiyo moja.