Kibali Kikitoka, Kitufe Kisibonyezwe Kwa Pupa

Mgonjwa wa kifua kikuu anayepanda gari Kyimo alfajiri kwenda Mbeya kushiriki jaribio la dawa hana habari kuwa maswali atakayoulizwa yana namba ya toleo. Muuguzi anawasha kishikwambi, fomu inafunguka, mazungumzo yanaanza. Nyuma ya fomu ile kuna kazi ambayo watu wengi hudhani ni ya kubonyeza kitufe tu.

Hapa Tanzania, jaribio la dawa halianzi mpaka itifaki yake ipate kibali cha maadili cha kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), pamoja na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kibali hutolewa kwa toleo mahsusi, lenye namba na tarehe. Ukiongeza kipimo cha damu au ukibadili siku za mgonjwa kurudi, unaomba upya. Fomu ya ridhaa nayo ina toleo lake, na mabadiliko yakimgusa mshiriki, huelezwa na kuombwa ridhaa tena.

Baada ya hapo ndipo msimamizi wa data anaingia kazini. Chukua REDCap, programu ya kukusanya data za utafiti iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004. Utafiti ukishaanza kupokea data halisi, mabadiliko ya fomu hufanywa kwanza kwenye rasimu. Muuguzi kituoni anaendelea kuona fomu ya zamani, huku rasimu ikijazwa majibu ya kubuni, ikikaguliwa na kulinganishwa na itifaki mstari kwa mstari. Ikipita, inaachiwa.

Hatari kubwa imejificha kwenye tarakimu. Kompyuta haihifadhi “ndiyo” wala “hapana”. Huhifadhi, tuseme, 1 na 2. Mtu akipanga majibu upya, 1 ikawa “hapana”, kila aliyekwisha kujibu amegeuziwa kauli yake bila mtu kugusa jibu lake. Ndiyo maana programu nzuri hupiga kengele kabla ya kuachia mabadiliko ya namna hiyo, na wasimamizi makini huongeza 3 badala ya kuchezea 1.

Kuna mabadiliko yasiyoepukika. Kati ya Mei 2013 na Machi 2014, mtandao wa utafiti wa PanACEA uliandikisha wagonjwa 365 wa kifua kikuu Tanzania na Afrika Kusini, Mbeya ikiwa miongoni mwa vituo. Tathmini ya katikati ilipofanyika, makundi mawili yaliyokuwa yakipewa dawa ya SQ109 yalisitishwa kupokea wagonjwa wapya, kwa kuwa hayakufikia kiwango cha ufanisi kilichowekwa tangu mwanzo. Uamuzi wa aina hiyo una sura mbili ndani ya programu: mlango wa kundi lililositishwa ufungwe kwa anayekuja, lakini ratiba ya aliyemo isipotee, maana bado anapaswa kufuatiliwa.

Vituo navyo havipati vibali siku moja. Kwa hiyo, kwenye programu zinazoruhusu hilo, toleo jipya huachiwa kituo kimoja kimoja, nazo huandika nani aliliachia, lini, na kila jibu lilijazwa chini ya toleo lipi.

Kumbukumbu hiyo ndiyo kinga ya mgonjwa wetu. Alichokikana Januari kibaki kimekanwa Desemba, hata kama fomu imebadilishwa mara tatu.