Hasani na Assane ni mtu mmoja: majina yetu na kalamu ya karani

Na Mwandishi Maalumu, Olumbi

MAMA mmoja mfanyabiashara alinijia nyumbani hapa Olumbi, wilaya ya Palma, akiwa na mfuko wa karatasi za marehemu mumewe. Hati ya kiwanja cha Mtwara inasema Hasani Bakari. Cheti cha kifo cha Msumbiji kinasema Assane Bacar. “Mwalimu,” akaniambia, “wananitaka nithibitishe kuwa nilikuwa na mume mmoja, si wawili.”

Kwa sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tukarejea baada ya mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 4, 1992, na kwa wanaovuka Ruvuma kutafuta riziki, hilo si jambo la kucheka. Hata mimi, cheti changu cha darasa la saba kinamwita baba Yusufu, bilhete yangu inamwita Issufo. Ukimpata karani asiye na subira, unaonekana mwongo.

Masikio ya Kireno

Majina yenyewe ni yale yale ya pwani nzima ya Waswahili, yaliyokuja na Uislamu. Hasani ni mwema. Saidi ni mwenye heri. Abdala ni mtumwa wa Mungu. Muhamadi ni asifiwaye. Hamisi kwa asili ni aliyezaliwa Alhamisi, na Juma ni wa Ijumaa. Bakari ni kifupi cha Abubakari, jina la khalifa wa kwanza.

Kilichobadilika ni kalamu. Katika Kireno herufi h mwanzoni mwa neno haisikiki, hivyo karani aliiacha. Tena s moja ikikaa kati ya irabu husomeka z, ndiyo maana wakaandika mbili. Hasani akawa Assane, Hamisi akawa Amisse. K haikuwa herufi ya kawaida kwao, hivyo Bakari akawa Bacar. Muhamadi akawa Momade, Suleimani akawa Selemane, Ibrahimu akawa Ibraimo. Ng’ambo ya mto waliandika kwa tahajia ya Kiswahili, na ndugu wa tumbo moja wakaonekana watu wa mataifa mawili.

Apelido linalohama

Kuna tatizo la pili. Tanzania mtu huandikwa jina lake, la baba na la babu. Mreno yeye ana apelido, jina la ukoo linalorithiwa kizazi hata kizazi bila kubadilika. Pwani yetu hatukuwa na kitu hicho. Tulikuwa na “fulani bin fulani”. Basi jina la baba likawekwa mahali pa apelido. Saide Bacar akamzaa Amisse Saide, naye akamzaa Juma Amisse. Vizazi vitatu, apelido tatu. Asiyejua desturi yetu atasema hawa si jamaa.

Bara, kwenye uwanda wa Mueda, mambo yalikwenda vingine. Huko wamisheni wa Kikatoliki walibatiza, na jina la kwetu likabaki mwishoni. Tazama Filipe Jacinto Nyusi, Rais wa Msumbiji kuanzia 2015 hadi 2025, mzaliwa wa Mueda mwaka 1959 aliyesoma utotoni Tunduru, Tanzania. Filipe na Jacinto ni majina ya Kireno, Nyusi ni la nyumbani, na y yake haikufutwa.

Si sisi peke yetu. Waayalandi nao walikuwa na “bin” yao: Mac maana yake mwana wa, na Ó maana yake mjukuu au mzao wa. Makarani wa Kiingereza wakaandika walivyosikia. Ó Murchadha, mzao wa mpiganaji wa baharini, akawa Murphy. Wengine jina lilitafsiriwa kabisa, mwana wa mhunzi akaitwa Smith. Baadaye wengi waliirudisha ile Ó iliyoanguka.

Tufanye nini?

Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi walikimbia bila karatasi. Kutafuta nyingine ni kukutana na karani upya, na kila karani ana masikio yake. Ushauri wangu ni mdogo. Ukimwandikisha mtoto, nenda na bilhete yako, umwonyeshe karani herufi kwa herufi. Watoto wa baba mmoja waandikwe namna moja. Karatasi za zamani, za Tanzania na za Msumbiji, zifungwe pamoja. Usitupe hata moja kwa sababu “imekosewa”. Na mtoto aambiwe jina lake lina maana gani na babu zake ni akina nani, ili karatasi zikipotea ajue pa kuanzia.

Yule mama tulimwandikia barua, wazee watatu waliomjua marehemu tangu ujana wakatia dole gumba. Mpaka naandika haya, bado anasubiri jibu.